Mkono umevunjika, kiganja kimelala: je, neva imekatika?

Msomaji kutoka Morogoro ameandika hivi: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26, anaendesha bodaboda. Wiki tano zilizopita aligongwa na gari, mkono wa kulia ukavunjika katikati ya bega na kiwiko. Alifungwa POP, yaani gipsi. Tangu siku hiyohiyo ya ajali kiganja kimelala, hawezi kukiinua, na vidole havifunguki. Hospitali walituambia mshipa wa fahamu umeguswa, tusubiri. Cha ajabu, walipombadilishia POP wiki iliyopita niliona kiwiko anakinyoosha, na hata ncha za vidole zinanyooka kidogo. Mama anataka tumpeleke kwa mkandaji. Jirani anasema mshipa ukishakatika ndiyo basi. Je, umekatika? Tusubiri mpaka lini? Na ataendesha tena?"

Marahaba, dada. Poleni sana, na umfikishie mgonjwa pole zangu.

Nianze na jibu lenyewe. Uwezekano mkubwa ni kwamba neva, yaani huo mshipa wa fahamu, haijakatika. Imevutwa, imebanwa au imepondeka, na nyingi za namna hii hurudi zenyewe. Walichowaambia hospitali ni sahihi, ila hakikukamilika, kwa sababu kusubiri huku kuna kazi zake na kuna tarehe zake. Kazi ni kuulinda mkono usikakamae wakati neva inapona. Tarehe ni zile ambazo zikifika bila dalili yoyote, mnatakiwa kurudi kwa daktari bingwa wa mifupa na kuomba hatua inayofuata, bila kuona haya. Mkandaji hayumo katika mpango huu, na nitaeleza kwa nini.

Yale mawili uliyoyaona ya ajabu, kiwiko kunyooka na ncha za vidole kunyooka, yana maelezo, na la kwanza linanipa moyo sana. Ili uyaelewe, tuifuate neva yenyewe kutoka shingoni.

Neva zote kubwa za mkono huanzia kwenye uti wa mgongo, sehemu ya shingo. Mizizi mitano, minne ya mwisho ya shingo na mmoja wa kwanza wa kifua, hutokea ubavuni mwa shingo, hupita nyuma ya mtulinga na kuingia kwapani. Njiani huungana, hugawanyika na kuungana tena, na mtandao huo huitwa pleksasi ya brakiali. Kwapani ndipo zinapojitenga neva ambazo kila moja ina kazi yake. Iliyoumia kwa mdogo wako inaitwa neva ya radiali. Ni nene kuliko dada zake, na kazi yake kwa kifupi ni kunyoosha na kufungua: kunyoosha kiwiko, kuinua kiganja, kufungua vidole, kulitoa gumba nje. Kukunja na kufumba ni kazi za neva nyingine.

Tatizo lake ni njia inayopita. Ikitoka kwapani haishuki mbele pamoja na wenzake. Inakwenda nyuma na kuuzunguka mfupa wa mkono, humerasi, kwa mshazari kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje, kama kamba iliyozungushwa nguzo. Hapo katikati ya mkono iko karibu kabisa na mfupa, chini ya traisepsi, msuli mkubwa wa nyuma ya mkono. Kisha, kama sentimita 10 juu ya nundu ya nje ya kiwiko, hutoboa utando mgumu unaotenganisha misuli ya nyuma na ya mbele, ikatokea mbele ya kiwiko na kushuka kwenye kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Pale inapotoboa utando haina nafasi ya kusogea. Mfupa ukivunjika na ncha zake zikapishana, neva haina pa kukimbilia. Mwaka 1963 madaktari wawili, Holstein na Lewis, walieleza hasa mvunjiko wa mshazari wa theluthi ya chini ya humerasi na jinsi unavyoinasa neva hii, na mpaka leo mvunjiko huo una majina yao. Kwa ujumla, kati ya watu 100 wanaovunjika humerasi sehemu ya katikati, takriban 12 huamka na kiganja kilicholala kama cha mdogo wako. Si jambo geni hata kidogo kwa daktari wa mifupa.

Sasa kiwiko. Matawi yanayokwenda kwenye traisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, hutoka mapema, mengine tangu kwapani. Mfupa wa mdogo wako umevunjika chini ya hapo, kwa hiyo traisepsi imesalimika. Hii inatuambia jambo kubwa zaidi: tatizo haliko shingoni. Kwa dereva wa pikipiki hilo ndilo la kwanza kuliondoa. Mtu anapotupwa akaangukia bega, kichwa kikaenda upande mmoja na bega upande mwingine, mizizi ile ya shingoni inaweza kung'oka kutoka kwenye uti wa mgongo. Mkono wote hulegea, bega haliinuki, kiwiko hakikunji, na mara nyingi huja maumivu ya kuunguza yasiyolala. Mzizi uliong'oka haurudi wenyewe, na mgonjwa huyo anahitaji daktari wa upasuaji wa neva ndani ya miezi michache. Kwa hiyo leo hii mwambieni mgonjwa, taratibu na bila kulazimisha sehemu iliyovunjika, ajaribu kupandisha bega, kukunja kiwiko kama POP inaruhusu, kufumba vidole na kugusanisha gumba na kidole cha mwisho. Akiweza hayo, neva nyingine ziko salama. Asipoweza, msisubiri kliniki ijayo.

Ncha za vidole ni habari nyingine, na hapa naomba uwe makini, maana huwapa watu furaha kabla ya wakati. Kiungo cha kwanza cha kidole, kile kinachotokeza unapofumba ngumi, hunyooshwa na misuli mirefu ya nyuma ya kigasha, na hiyo ni ya radiali. Lakini viungo viwili vya mbele hunyooshwa pia na misuli midogo iliyomo ndani ya kiganja, ambayo huongozwa na neva nyingine mbili za mkono, ya alna na ya mediani. Hizo hazijaumia. Kwa hiyo ncha kunyooka hakumaanishi radiali imeanza kurudi. Kipimo cha kweli ni hiki: weka kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, wewe ukikishikilia kiganja kisidondoke, kisha mwambie anyooshe vidole kuanzia kwenye viungo vya ngumi. Kiganja kikitazama juu kipimo hakina maana, kwa sababu uzito wenyewe utakiangusha upande wa nyuma na mtadhani amekiinua.

Kuna udanganyifu wa upande wa pili pia. Kiganja kikiwa kimelala, mtu hawezi hata kutanua vidole vizuri, na familia huogopa kwamba neva zote zimekufa. Kilazeni kiganja bapa juu ya meza, halafu mwambieni atanue. Vitatanuka.

Na nguvu ya kushika je? Bila shaka mmeona kwamba hata kikombe anakishika kwa shida, ingawa neva za kufumba ni nzima. Fanya jaribio hili kwa mkono wako mwenyewe: kunja kiganja kielekee chini kabisa, kisha fumba ngumi kwa nguvu zote. Utaona nguvu haipo. Kano za kufumba vidole zinahitaji kiganja kiinuliwe kidogo ndipo zipate mvutano. Hii ndiyo sababu kifaa cha kuinua kiganja, nitakachokitaja hivi punde, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya kushika siku hiyohiyo kinapovaliwa, hata kabla neva haijapona.

Atakuwa na ganzi pia, au hisia iliyopungua, kwenye ngozi ya nyuma ya mkono kati ya gumba na kidole cha shahada. Ni eneo dogo. Kiganja chenyewe, anachoshikia vitu na kupapasia, kina hisia zake zote, na hiyo ni neema kubwa. Ndiyo maana sisi tunaoshughulika na mikono, tukilazimishwa kuchagua neva moja ya kuumia, tungechagua hii.

Sasa swali lako kuu. Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika madaraja matatu, na mgawanyo huo bado ndio tunaoutumia. Daraja la kwanza, neva imebanwa au imetikiswa, nyuzi zote zipo ila mawasiliano yamekatishwa kwa muda. Hii hupona kwa siku au wiki, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu. Ni jeraha lilelile analolipata mtu aliyelala fofofo huku mkono wake umening'inia kwenye mgongo wa kiti, au anayetumia magongo yanayomkandamiza kwapani. Daraja la pili, nyuzi za ndani zimekatika lakini maganda yanayozibeba yamebaki. Sehemu ya nyuzi iliyo chini ya jeraha hufa, kisha zile za juu huchipua upya na kushuka ndani ya maganda yaleyale hadi zifike kwenye msuli. Hupona, lakini polepole. Daraja la tatu, neva yote imekatika pamoja na maganda yake. Hiyo haiponi bila kushonwa.

Mvunjiko uliofungwa, yaani ngozi haikupasuka, mara nyingi huleta daraja la kwanza au la pili. Takwimu zilizokusanywa kwa wagonjwa wengi zinaonyesha kwamba takriban 70 kati ya 100 hupona bila neva kuguswa na kisu, na ukiwajumlisha na waliofanyiwa upasuaji baadaye, wanakaribia 9 kati ya 10. Kwa wastani dalili ya kwanza huonekana karibu wiki ya 7, na kupona kikamilifu huchukua kama miezi sita. Mdogo wako yuko wiki ya 5. Hajachelewa.

Utauliza kwa nini wasifungue tu wakaangalia. Kwa sababu wengi wangepasuliwa bure, na kila upasuaji karibu na neva una hatari ya kuiumiza iliyokuwa nzima. Isitoshe, wiki za mwanzo neva iliyopondeka haionyeshi vizuri ni wapi pameharibika na ni wapi pazima. Hata hivyo wapo wasiotakiwa kusubiri: aliyevunjika na mfupa ukachungulia nje, aliyekatwa na panga, kisu au kioo, na ambaye mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono yamepotea. Kwa mtu wa panga neva huchukuliwa kuwa imekatika mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kuishona mapema kuna tija kuliko kuitafuta ndani ya kovu miezi sita baadaye. Umesema kiganja kililala tangu siku ya ajali, na hukutaja jeraha, kwa hiyo nachukulia ngozi ilikuwa nzima. Kama palikuwa na jeraha juu ya mvunjiko, hata dogo lililoshonwa nyuzi mbili, mwambieni daktari wenu, kwa sababu linabadilisha hesabu yote.

Tuje kwenye tarehe. Nyuzi za neva huota kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, sawa na sentimita 3 kwa mwezi. Ukijua mfupa ulipovunjika na ukijua msuli wa kwanza uko umbali gani, unaweza kukadiria mwezi wa kuutegemea. Msuli wa kwanza baada ya mvunjiko unaitwa brakioradiali. Ni ule unaovimba kwenye kigasha, upande wa gumba, karibu na kiwiko, mtu anapokunja kiwiko huku gumba likitazama juu. Kutoka katikati ya humerasi hadi unapoingiwa na tawi lake ni kama sentimita 10 hadi 12. Kwa hiyo hata kama jeraha ni la daraja la pili, msuli huo unatakiwa uanze kujibu karibu mwezi wa nne. Likiwa la daraja la kwanza, utajibu mapema zaidi.

Kurudi kuna mpangilio. Brakioradiali hutangulia. Kisha hufuata msuli mrefu unaoinua kiganja kwa upande wa gumba, ndiyo maana mara nyingi kiganja huanza kuinuka kikiwa kimeegemea gumba, na msishtuke mkikiona kimekaa upande. Vidole hufuata baadaye. Gumba huchelewa, na wa mwisho kabisa ni msuli wa peke yake wa kunyoosha kidole cha shahada. Siku atakaponyoosha kidole hicho peke yake, vingine vikiwa vimefumba, mjue neva imefika mwisho wa safari.

Kuna kipimo kingine ambacho daktari hufanya kwa kidole chake tu. Anagonga taratibu juu ya njia ya neva, akianzia chini na kupanda. Akifika mahali nyuzi changa zilipofikia, mgonjwa husikia mnyeo kama wa umeme ukikimbilia nyuma ya gumba. Mfaransa Jules Tinel alikieleza mwaka 1915, wakati wa vita, kwa askari waliojeruhiwa. Mnyeo huo ukishuka sentimita kadhaa kila mwezi, nyuzi zinatembea. Ukikwama mahali pamoja miezi miwili au mitatu bila msuli wowote kuamka, hapo pana kizuizi. Napenda kipimo hiki kwa sababu hakigharimu kitu na kinafanyika hata kwenye zahanati. Ombeni waandike kwenye kadi ni sentimita ngapi kutoka nundu ya nje ya kiwiko, ili kila mwezi mlinganishe.

Hospitali kubwa zina kipimo cha umeme wa neva na misuli. Kabla ya wiki ya 3 au ya 4 hakina maana, kwa sababu msuli uliokosa neva hauonyeshi mabadiliko ya umeme mapema. Kikipatikana sasa, kitatenganisha daraja la kwanza na mengine. Kisipopatikana msihangaike, mnaweza kungoja. Lakini miezi mitatu kamili tangu ajali ikifika na brakioradiali haijavimba hata kidogo, kipimo hicho kifanyike, au ultrasaundi ya neva ifanywe na mtu anayeijua. Kwa upande wenu huko, rufaa huelekea Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Kati ya mwezi wa nne na wa sita bila dalili, neva inatakiwa ifunguliwe na kutazamwa. Msikubali kuambiwa "subirini tu" mpaka mwaka uishe. Msuli usiopata neva hudhoofika, na baada ya miezi 12 hadi 18 hata neva ikiufikia hauwezi tena kuipokea vizuri. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Neva zao zingeweza kusaidiwa, ila kadi ya kliniki ilikaa kabatini.

Kazi ya sasa hivi, wiki hii, ni kifaa cha kushikilia kiganja. Umetaja POP ya mfupa lakini hukutaja chochote cha kiganja, na hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Kiganja kinacholala saa 24 huvuta misuli ya nyuma na kuilegeza, na huku mbele kano za kufumba zinajikunja na kufupika. Neva ikirudi baada ya miezi mitano inakuta viungo vimekakamaa, na mgonjwa anabaki na mkono wa kulemaa ambao neva yake imepona. Inauma sana kuona hivyo, kwa sababu kinachouzuia ni kifaa cha bei ndogo. Kifaa chenyewe hukaa chini ya kigasha na kiganja, kikikiinua kiganja kama digrii 30 kwenda nyuma, na kuviacha vidole na gumba huru kufumba. Mtaalamu wa tiba kwa kazi au wa fiziotherapia hukitengeneza kwa plastiki ya kulainishwa na maji ya moto, na pasipo na plastiki hiyo, gipsi inafaa kabisa. Karakana za viungo saidia pia hutengeneza. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi wa kazi hii kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo ujuzi upo nchini, mkiuliza mtaelekezwa. Alale nacho. Mchana akivue kwa mazoezi na kuoga tu.

Mazoezi ni ya kusaidiwa. Mara nne au tano kwa siku, kwa mkono wake wa kushoto au kwa mkono wako, mkiinue kiganja chake nyuma hadi mwisho, polepole, huku vidole vikiwa vimelegea. Kisha kiganja kikiwa sawa, mvinyooshe vidole kimoja kimoja. Kisha mlitanue gumba lake mbali na kidole cha shahada, maana pale katikati hufunga upesi. Bega pia, daktari akisharuhusu: ainame mbele kidogo na auache mkono ubembee taratibu. Bega lililofungwa wiki nyingi hukauka, na kulifungua baadaye ni maumivu ya miezi. Atumie mkono huo kwa kazi nyepesi akiwa amevaa kifaa, kushika kijiko, kufunga vifungo, kwani mkono unaotumika haukakamai. Asiulalie, na kamba ya kuning'inizia mkono isimkate kwapani.

Muulizeni daktari vilevile kama POP inaweza kubadilishwa na kifaa cha plastiki kinachoubana mkono wa juu tu na kuacha bega na kiwiko huru. Njia hiyo iliyotangazwa na Augusto Sarmiento mwaka 1977 inatumika duniani kote kwa mvunjiko wa namna hii, na humruhusu mgonjwa kukunja kiwiko mapema.

Kuhusu mkandaji, mwambie mama kwa upole lakini kwa uthabiti. Najua anatafuta nafuu ya mwanawe, na kukaa mikono mitupu kunamuumiza. Wiki ya 5 mfupa umeanza kushikana kwa kovu laini ambalo bado halijawa mfupa kamili. Mkono unaosukuma na kuvuta pale unaweza kuuachanisha, na ncha ya mfupa ikakata neva iliyokuwa imepondeka tu. Tukitoka daraja la kwanza tukaingia la tatu kwa kukandwa, tumejinyima wenyewe. Mafuta ya moto nayo, kwenye ngozi yenye ganzi, huunguza bila mtu kujua. Kama mama anataka kushika kitu, na namwelewa, mpeni yale mazoezi ya kiganja na vidole. Ni kazi ya mikono, inahitaji uvumilivu wa mzazi, na itamsaidia mwanawe kweli.

Na jirani anayesema ndiyo basi, hata kama neva ingekuwa imekatika, hajasema kweli. Neva iliyokatika huweza kushonwa, na pengo likiwa refu hujazwa kwa kipande cha neva ya mguuni, neva ya surali, ambayo ikitolewa humwachia mtu ganzi ndogo tu pembeni mwa unyayo. Hilo likishindikana au muda ukiwa umepita, yapo matengenezo ya kano. Misuli ya kukunja kigashani ni mingi kuliko mahitaji, kwa hiyo daktari huchukua mitatu na kuihamishia nyuma: mmoja uinue kiganja, mmoja ufungue vidole, mmoja utoe gumba. Robert Jones wa Uingereza alikuwa akifanya hivyo kwa majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika matengenezo yote ya kano mwilini, haya ni kati ya yanayofanikiwa zaidi, mradi viungo havijakakamaa. Mnaona tena umuhimu wa kile kifaa.

Ataendesha tena? Natarajia ndiyo, ila si kwa kuangalia mfupa peke yake. Madereva wengi hurudi barabarani siku POP inapotolewa. Kwake hilo ni hatari, na namwomba alisikie kutoka kwangu. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele. Ili kuifikia breki inabidi afungue vidole, na kufungua vidole ndiyo kazi hasa ya neva iliyolala. Anaweza kushika usukani vizuri kabisa, akajiona amepona, kisha mtoto akakatiza mbele na vidole visifunguke kwa wakati. Asirudi mpaka eksirei ionyeshe mfupa umeunga, aweze kukiinua kiganja dhidi ya mkono wako unaomsukuma chini, na aweze kufungua na kufumba vidole haraka mara nyingi mfululizo bila kuchoka. Ajaribu kwanza pikipiki ikiwa imesimama, injini imezimwa, aishike na kuiachia breki ya mbele mbele yako.

Mkienda kliniki, nendeni na picha zote za eksirei, ile ya siku ya ajali na ya karibuni. Kwenye karatasi mwandike tarehe ya ajali, kwamba kiganja kililala kabla ya kufungwa POP na si baada yake, na kila mnachokiona kimebadilika: siku brakioradiali ilipovimba, siku kiganja kilipoinuka hata kama ni kwa upana wa kidole. Ukiniandikia tena, nitumie karatasi hiyohiyo.